Kumeza Dawa Mbele ya Mama Mkwe

Ahero, usiku wa kuamkia safari yako

Akoth binti yangu,

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku wala za kujihadhari na wezi wa mifuko huko Nairobi. Shangazi yako alipotutembelea Jumapili alizisema hizo mpaka nadhani hata kuku wetu wanazijua. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema jioni tukila: kwamba huendi. Kwamba chuo cha ufundi wa simu kitakungoja hadi mwakani, kwa kuwa Dani, nyanya yako, hajamaliza dawa yake ya kifua kikuu na hakuna mtu wa kumsimamia akimeza. Kisha ukainuka ukaenda kuosha vyombo kwa kelele, vile vile alivyokuwa akifanya mama yako akishakata shauri.

Nilinyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Maneno yangu huja polepole, nawe unanijua, na huja vizuri zaidi nikishika kalamu. Utaenda kesho, Akoth. Na Dani atameza dawa yake. Nipe nafasi nikueleze kwa nini nina hakika, ingawa itanibidi nianze mbali, kwa sababu mengi ya nyumba hii yalitokea ukiwa bado mtoto, na mimi sikuwahi kukuhadithia. Nilikuwa naona aibu. Sasa aibu yenyewe ndiyo hadithi.

Unajua desturi yetu. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawataniani, wakikutana njiani mmoja anapisha, na mkwe haingii mahali mama mkwe anapolala. Wenzangu walioa mbali, wakamwona mama mkwe mara moja kwa mwaka wakiwa wamevaa viatu, heshima ikawa kazi rahisi. Mimi nilioa ng'ambo ya mfereji. Mradi wa mpunga ulituchanganya hapa watu wa kila ukoo, kila mmoja na kipande chake cha shamba, na kipande changu kikapakana na cha Dani na babu yako, wazazi wa mama yako. Kila nilipoinua kichwa shambani nilimwona mama mkwe, nikainama tena. Nadhani ndiyo maana mpunga wangu ulipaliliwa kuliko wa watu wote.

Mama yako alifariki akijifungua mdogo wako, na mtoto mwenyewe hakukaa. Hilo unalijua, na sitalirudia, kwa maana nikilirudia sitaimaliza barua. Mwaka haukuisha nikaanza kukohoa. Nikakonda. Usiku nikawa naloa jasho mpaka mkeka unaloa. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, na wewe unakumbuka watu walivyokuwa wakimtazama mtu aliyekonda. Nusu ya kijiji walisema ni chira, ule ugonjwa wa kuisha mwili unaompata mtu aliyevunja mwiko. Nusu nyingine walisema ni ukimwi, na kwamba ndio uliomuua mama yako. Waliokuwa wakija kuazima jembe waliacha kuja. Nilikuwa na jembe langu siku zote, na kwa kweli sikufurahi.

Nilipofika dispensari wakapima makohozi yangu wakaona ni kifua kikuu. Muuguzi akanieleza dawa: sindano huko huko kwao, na vidonge nyumbani, kila siku asubuhi, kwa miezi mingi, bila kukosa hata siku moja, tena mbele ya macho ya mhudumu wa afya wa kijijini, yule tunayemwita nyamrerwa. Nikamwuliza nyamrerwa wa upande wetu ni nani. Akamtaja Dani. Nikamwomba anitafutie mwingine, hata kama atakuwa akitoka Awasi kwa miguu. Akacheka, akadhani natania.

Elewa hali yangu wakati huo. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa amemzika binti yake nyumbani kwangu. Watu walikuwa wamemnong'oneza sikioni kwamba mimi ndiye niliyemuua. Wewe alikuwa amekwisha kukuchukua ulale kwake usivute hewa yangu, na mimi nilijua kwamba akitaka kukuchukua moja kwa moja hakuna atakayemlaumu. Sikumtarajia. Asubuhi ya kwanza nikasikia mtu akikohoa kwa adabu nyuma ya ua wa minyaa, kule kukohoa kwa kubisha hodi, na mimi mwenye kikohozi cha kweli nikajibu.

Tulibuni utaratibu wetu ambao ungekuchekesha. Aliweka vidonge kwenye kisahani juu ya gogo, akarudi nyuma ya ua, akanipa mgongo. Mimi nilitoka, nikachukua, nikampa mgongo pia, nikameza.

"Umemeza?"

"Nimemeza, Mama."

"Sawa."

Akaenda zake. Watu wazima wawili, mmoja akitazama barabara na mwingine akitazama jiko. Mvua kubwa zilipokuja na mto ukafurika kama kawaida yake, nilijua hatakuja. Maji yalikuwa yamefika kwenye mapaja ya watu. Nikiwa nimeketi nikasikia sauti kutoka upande wa mfereji:

"Baba Akoth! Geuka! Nguo yangu iko juu!"

Nikageuka haraka nikakabili ukuta. Nilisikia maji yakichapwa chapwa mpaka kwenye gogo, kisahani kikalia, kisha maji yakachapwa tena yakienda mbali. Alikuwa amefunga vidonge kwenye karatasi ya nailoni ndani ya kitambaa cha kichwa. Hakuna aliyemlipa kwa kazi ile, nawe usiniulize alikuwa akifaidi nini. Nilisimama pale nikitazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika mama yako nikafikiri huenda nitaishi.

Lakini sikupona. Yaani niliendelea kukonda. Shida ilikuwa ndogo na ya kipumbavu: vidonge vile vilikuwa vikinichafua tumbo. Mafuriko yalikuwa yamekula chakula chetu, nilikuwa navimeza tumbo likiwa tupu, na kabla Dani hajafika kwake nilikuwa nimekwisha kuvitapika nyuma ya nyumba. Karibu kila siku. Ungeniuliza kwa nini sikumwambia, ningekujibu kwamba hukulelewa Mjaluo. Mtu anamwambiaje mama mkwe habari za kutapika? Ningeweza kumwambia mchungaji, au chifu, au mtu yeyote anayepita barabarani. Yeye sikuweza, na ndiye pekee aliyehitaji kujua.

Siku ya kupimwa tena makohozi, kulikuwa na daktari kijana aliyetoka Kisumu na gari. Akatazama majibu akatuita wote wawili, na hapo kosa likamwangukia Dani.

"Mama, huyu mtu hamezi dawa. Wewe unamwona akimeza?"

"Mimi nasikia," Dani akasema.

"Unasikia?"

"Nasikia akimeza. Daktari, hii ni mkwe yangu. Mimi siwezi angalia yeye kwa mdomo."

Yule kijana akaweka kalamu chini. Nadhani naye alikuwa ameoa. Lakini alikuwa na hasira, na akaanza kumwambia mama mkwe wangu, mbele ya benchi zima, kwamba kama kazi imemshinda aseme apewe mwingine. Dani hakujitetea. Alisimama tu na kikapu chake, akitazama sakafu, akasema, "Pengine ni mimi sijafanya mzuri."

Akoth, kuna mambo mtu hawezi kuyavumilia hata akiwa mgonjwa. Nikasema, "Daktari, ninatapika." Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Ninameza vizuri, halafu ninatapika, na sikuwaambia kwa sababu ya huyu mama." Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamsikia Dani akivuta pumzi, nikajua nimemvunjia heshima. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Yawa!" akasema. "Mimi nikifikiri ni dawa mbaya, kumbe ni adabu mzuri!" Yule daktari naye akashindwa kujizuia. Akaagiza ninywe uji kwanza ndipo nimeze, na mtu anitazame, anitazame kwa macho.

Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele na mimi nyuma, mbali naye kama inavyopasa. Karibu na mfereji akasimama, na bila kugeuka akanena maneno ambayo nimekaa nayo miaka yote hii.

"Baba Akoth, nimezika msichana yangu. Mtoto yake nitalea. Lakini wewe siwezi zika juu ya aibu."

Asubuhi yake hakukohoa nyuma ya ua. Alipita mlangoni, akaketi kwenye kigoda barazani, akaweka chupa ya uji wa wimbi katikati yetu, akanitazama usoni. Nilikunywa uji mbele ya mama mkwe wangu, kila funda likipiga kelele kooni kama ng'ombe anayekunywa mtoni, nikameza vidonge, na akaniambia nifungue mdomo nikafungua. Alingoja hapo mpaka akahakikisha tumbo limetulia, akinieleza habari za bei ya mchele.

Kijiji kilikuwa na la kusema, bila shaka. Wazee walimwita wakamwonya kwamba chira itatumaliza wote wawili. Aliwasikiliza, akawashukuru, na kesho yake akaja na uji. Wakawa wanasubiri nife kwa mwiko huku mimi nikinenepa. Kufikia wakati wa mavuno nilibeba gunia mwenyewe, na wale wale wazee wakasema daima walijua Dani ana baraka ya pekee. Sikuwabishia. Nilikuwa nimeshiba.

Nilikuwa nikidhani namjua Dani kwa sababu namheshimu. Ni baada ya kukaa naye barazani ndipo nilipoanza kuona anavyofanya kazi, na nikiri kwamba sijapata kumwona mtu mwenye akili ya namna ile. Umewahi kujiuliza kwa nini huwa anaingia kila nyumba? Hata nyumba ambayo hakuna mgonjwa, ataingia, ataomba maji ya kunywa, ataulizia vifaranga, ataketi muda ule ule, kisha aende ya pili. Mimi nilidhani ni umbeya wa kizee. Siku moja nikamwambia, kwa heshima, kwamba anajichosha bure. Akanijibu kwamba akienda kwa mgonjwa peke yake, kikapu chake kitakuwa kinamtaja mgonjwa kwa jina. Akipita kote, hakuna anayejua nyumba ipi ina nini. Fikiria jua la uwanda huu wetu wa Kano, na umri wake, na nyumba zote zile, ili mtu mmoja asinyooshewe kidole. Wakati ule jina la ukimwi lilikuwa linamfukuza mtu kwake kabla ugonjwa haujamfukuza.

Nami nilipata somo langu pale pale kwenye benchi la dispensari. Walinipima na ugonjwa ule mwingine pia. Niliposikia sina, nilipiga makofi, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa nje wakasikia. Nilipogeuka nikamwona Odhiambo, yule kijana fundi wa baiskeli aliyekuwa akinitengenezea breki. Alikuwa ametoka chumba kile kile kabla yangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyenikemea, lakini tangu siku hiyo furaha yangu naibeba polepole mpaka nijue aliyeketi karibu nami amepewa nini.

Dani alimsimamia Odhiambo dawa za kifua kama alivyonisimamia mimi, na kifua chake kilipona kabisa. Ule mwingine ndio uliomchukua, kwa maana haukuwa na dawa, na mpaka leo hauna dawa ya watu kama sisi. Hapa ndipo nilipomstahi Dani kuliko nilivyomstahi kwa kuniponya. Mimi nilikuwa mgonjwa wa kupona. Mtu yeyote anapenda kuuguza mgonjwa wa kupona. Kwa Odhiambo alijua mwisho wake, naye Odhiambo alijua. Na bado alikwenda. Alimchemshia maji, akamkata kucha, akamgeuza ubavu, akamfundisha mama yake namna ya kumwosha bila woga. Odhiambo alipenda mpira. Basi Dani, ambaye hajui goli ni nini, akawa anakaa karibu na redio yangu Jumamosi, ananiuliza nani amefunga na kwa mguu gani, anayashika kichwani yote, kisha anampelekea. Aliyachanganya sana. Kuna timu moja aliifungisha dhidi yake yenyewe. Mama yake Odhiambo aliniambia kwamba kijana alicheka kicheko chake cha mwisho kwa sababu ya matokeo ya Dani.

Na siku ya mazishi alirudi nyumbani, akabadilisha viatu, akaenda kwa mgonjwa aliyefuata.

Sasa ameugua yeye. Miaka yote ya kukaa na watu wanaokohoa, ingewezekanaje isimfikie? Mimi nimelala nikijiuliza kama ni kifua changu kilichompa. Nilimwuliza hata, wiki ile alipopimwa, nikiwa nimesimama nje ya mlango wake. Akanijibu, "Kikohozi haina jina ya mtu. Enda shamba yako." Ndivyo alivyo. Na unajua wewe kuliko mimi jinsi alivyo mgonjwa mbaya. Mwanamke aliyewafungulisha watu midomo kata nzima hataki kufunguliwa wake. Umeniambia jinsi ulivyomkamata na kidonge kimefichwa kwenye ufizi, naye akadai alikuwa anakingoja kilainike. Tulicheka, lakini sote tunajua akiachia njiani ugonjwa utarudi ukiwa mkali zaidi. Yeye ndiye aliyetufundisha hivyo.

Kwa hiyo sikushangaa uliposema huendi. Nilijivunia, ukitaka kujua, na pia nilikasirika. Dani hakukulea ili ukae hapa. Alikuwa akikushika mkono kwenda nawe kwa wagonjwa na kukuambia kwamba siku moja utatumia simu kumwita daktari badala ya kumfuata kwa miguu. Wewe ukaelewa kwamba utazitengeneza. Msichana kupanda milingoti! Nilibisha sana mwanzoni, na yeye ndiye aliyenishinda.

Babu yako hatunaye tena, na mjomba wako, mwana wa Dani, yuko Mombasa pamoja na mkewe na watoto wao. Nyamrerwa mwingine tuliye naye ana upande wa pili wote wa barabara kuu, na miguu ni miwili tu. Hospitali Dani amekataa kulazwa. Niliyahesabu haya yote nikiwa na tonge mkononi, nikaona amebaki mtu mmoja. Wewe hukumhesabu kwa sababu desturi haimhesabu.

Ulipokuwa unaosha vyombo nilichukua tochi. Ulidhani nimekwenda kuangalia maji ya shamba. Nilivuka mfereji, nikasimama mlangoni kwa Dani, nikapiga hodi.

"Nani amekufa?" akauliza kutoka ndani. Ni haki yake. Mkwe haji usiku bure.

"Hakuna mtu, Mama. Nimekuja juu ya dawa."

"Dawa yangu mimi najua."

"Hata mimi nilijua yangu."

Nikamsikia akijigeuza kitandani. Akakohoa kwa muda mrefu, nami nikangoja. Alipopata pumzi akaniuliza, "Utaingia mpaka wapi?"

"Mpaka pale utakuwa, Mama. Kama ni kitanda, ni kitanda."

"Watu watasema."

"Wacha waseme."

Mimi moyo ulikuwa unanidunda kama wa kijana aliyekuja kuposa, na ukweli ni kwamba hata siku niliyokuja kumposa mama yako sikuogopa mlango ule kiasi hicho. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo: "Akoth asikose gari. Wewe kuja saa kumi na mbili. Ukichelewa, nameza peke yangu."

Mimi na wewe tunajua maana ya "peke yangu" kinywani mwa Dani. Na saa kumi na mbili ndiyo saa ya basi lako.

Nilimwambia hivyo. Akanishauri nikusindikize kwanza, kisha nimfuate yeye baadaye. Nikakataa. Nikichelewa asubuhi ya kwanza, atakuwa amepata njia, na siku zote zilizobaki nitakuwa nasimamia mwanamke anayeniambia ameshameza. Nimemfahamu kwa miaka mingi, nikiwa nimempa mgongo na nikiwa nimemtazama usoni, na sitampa nafasi hiyo.

Ndiyo maana ya barua hii, mwanangu. Ningependa kukubebea sanduku mwenyewe. Ningependa kusimama pale barabarani nikupungie mkono mpaka basi lipotee njia ya Awasi, kama baba wengine watakavyofanya. Jirani yetu atakubebea sanduku kwa baiskeli, nimekwisha kumwomba. Mimi nitakuwa nimeondoka hapa kabla hujaamka, na barua utaikuta chini ya kikombe chako. Usikasirike. Usije ukapita kwa Dani kuhakikisha, utachelewa. Panda basi, kaa dirishani, nenda ukajifunze kazi yako.

Ukifika steji usinitafute kwa macho. Saa hiyo Dani atakuwa anameza, na mimi nitakuwa namtazama.

Baba yako